Magari Matano Kabla ya Mvua

Daegu, 20 Oktoba 1996

Mwanangu Gyu-tae,

Salamu zangu zikufikie huko uliko. Sisi huku hatujambo, tunamenyana na maisha. Mama yako mdogo mgongo unamsumbua, lakini ameshaagiza kabeji mia moja za kimchi ya majira ya baridi, sijui anataka kulisha kikosi gani cha jeshi. Nikimwambia tumebaki watatu nyumbani, ananiangalia kwa jicho ambalo sipendi kuangaliwa nalo.

Sikukuu ya mavuno tulikwenda kaburini kwa baba yako. Nilifyeka nyasi mwenyewe, maana mfyekaji wangu hakuwepo. Nikamimina pombe, nikainama mara mbili, nikamwambia mwanao ni mzima. Sikumwambia zaidi. Wafu nao wapumzike.

Wazazi wa mchumba wa dada yako Da-seul walikuja kutoka Gyeongju. Watu wenye heshima zao, wanakula polepole utadhani wanahesabu punje. Harusi tumeipanga Aprili. Waliuliza habari zako, nikasema uko Ulsan, kiwandani. Kwa hiyo ukitoka ujue ulikuwa Ulsan, usije ukaniaibisha mbele yao.

Siku ya hukumu sikuja. Gereji ilikuwa imejaa.

Sasa nikupe mtihani, nisije nikakuta umesahau kazi. Gari jeupe dogo: kiyoyozi kinapuliza baridi dakika mbili, kompresa inakata, inanyamaza, kisha inarudi. Gesi ipo ya kutosha. Nimeyashika mabomba yote mawili kama nilivyokufundisha. Ungekuwa wewe ungesemaje? Usidhani sijui jibu.

Vaa nguo nzito.

Baba yako mdogo,
Pyo Man-bok


Gerezani, 9 Novemba 1996

Baba mdogo, shikamoo.

Nakuinamia kutoka huku, ingawa chumba chetu cha watu wanane hakimruhusu mtu kuinama bila kumgonga mwenzake. Barua yako imenifikia baada ya siku kumi na mbili, na ilikuwa imeshafunguliwa. Zote hufunguliwa. Mimi ni mzima. Kifua kilinibana wiki mbili, kimeachia. Mwambie mama mdogo asiniletee soksi tena, watu wa humu wamezipenda kuliko mimi.

Hongera kwa Da-seul. Ulsan naifahamu, nitajitahidi.

Jibu la mtihani ni hili. Achana na mabomba. Bomba litakuambia kama baridi ipo au haipo, halitakuambia kompyuta ya gari inaamini nini. Chomoa plagi ya sensa ya baridi, ile inayokaa kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, uweke mita. Ichovye sensa kwenye kikombe cha barafu: namba ipande. Ihamishie kwenye maji ya uvuguvugu: namba ishuke. Isiposogea, sensa imekufa. Ikipanda na kushuka vizuri, sensa haina kosa, fuata waya na uangalie plagi kama imeota kutu. Ila nimeshangaa kidogo, baba mdogo. Mwaka juzi ungegusa bomba kwa kidole kimoja tu ukajua kama kompresa inakata kwa sababu pameshakaribia kuganda, au inakata kabla ya wakati wake.

Sasa lililo moyoni. Nimepewa mwaka mmoja kwa rezista moja, kikinza umeme kidogo kama punje ya mchele. Wewe na mimi tunajua zilikuwa sita.

Wiki ile ya mwisho ya Julai viwanda na maduka ya spea yalifungwa kwa likizo kama kila mwaka, na kila mtu Daegu alitaka gari lake lipoe kabla hajakwenda baharini. Sensa mpya hazikupatikana. Mkono uliochomelea rezista mahali pa sensa naujua, siutaji hapa. Rezista ile huiambia kompyuta saa zote kwamba bado kuna joto, na kompresa haipumziki. Kwenye jua kali mteja anafurahi, anapata baridi ambayo hajawahi kuipata. Ikija mvua, unyevu ukizidi, rejeta ndogo inazibwa na barafu, hewa haipiti, kioo cha mbele kinafunga ukungu, na dereva akizidisha feni hakuna kinachotoka. Ndivyo mwalimu Tak alivyoligonga lori lililoegeshwa, na mama yake aliyekaa pembeni yake akafa. Unayajua haya kuliko mimi. Nayaandika ili yawe yameandikwa.

Niliwaambia polisi ni mimi, na ni gari moja. Nilisema hivyo kwa ajili ya harusi ya Da-seul, na kwa ajili ya wali wa nyumba yako nilioula tangu nina miaka tisa. Sijutii. Lakini yamebaki matano: la mwuza magodoro, la mchungaji, la yule dada anayefundisha piano, la dobi, na kigari cha mizigo cha Mama Gwak wa matikiti, wa Seongju. Mvua za Juni bado ziko mbali. Nakuomba uwaite wote, uzitoe. Sikuombi kitu kingine.

Mwanao,
Gyu-tae


Daegu, 22 Desemba 1996

Mwanangu,

Salamu. Baridi ya mwaka huu haina adabu, bomba la maji la gereji limepasuka mara mbili. Mama yako mdogo amemaliza kimchi yake na sasa anashona mafurushi ya zawadi za kupeleka Gyeongju, haambiliki hasemezeki. Da-seul amekonda, anasema ndiyo fasheni ya maharusi. Nilimwambia mimi nilioa mwanamke, sikuoa ufagio. Mama yake akacheka, mara ya kwanza tangu Agosti.

Jibu lako la kikombe cha barafu ni sawa. Nilikuwa nalijua. Plagi ilikuwa na kutu.

Kuhusu mengine uliyoandika. Sasa hivi theluji inaanguka, nani anawasha kiyoyozi? Nikimpigia mchungaji nimwambie alete gari nimwangalizie ubaridi, ataniwekea mikono kichwani aniombee. Na mtu akiniuliza kwa nini, nimjibuje? Wewe mwenyewe ulisema mahakamani ni moja. Nikionekana natoa tano, wewe utakuwa umedanganya, na mimi je, nitakuwa nani? Wakwe wa Gyeongju watasikia kabla hata sijafunga boneti. Acha kwanza harusi ipite. Haraka haraka haina baraka.

Halafu usiniandikie tena mambo ya vidole. Mikono yangu ni mizima.

Kula chakula chote wanachokupa.

Baba yako mdogo


Gerezani, 16 Februari 1997

Baba mdogo, shikamoo, na heri ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi.

Siku ya mwaka mpya tulipewa supu ya vikate vya mchele, bakuli moja kila mtu. Mzee mmoja wa chumba chetu alilia kwenye bakuli lake, na hakuna aliyemtania. Mimi niliinama kuelekea upande niliodhani ni Daegu. Baadaye nikaambiwa ni upande wa choo cha askari. Naomba unisamehe.

Mama mdogo alikuja. Tulipewa dakika saba, kioo katikati. Alitumia tatu kuniuliza kama nakula. Kisha akasema, "Baba yako mdogo ameungua."

"Ameungua wapi?"

"Kiganja. Alilishika bomba la moshi la gari lililokuwa linawaka. Mimi ndiye niliyesikia harufu, Gyu-tae. Nilitoka jikoni nikidhani nimeunguza samaki. Yeye amesimama, bado amelishika, ananiuliza nini kinanuka."

"Tangu lini?"

"Daktari alisema ni sukari. Miaka miwili sasa. Moto hausikii, baridi haisikii. Ukimwambia, ananuna siku nzima, hataki kula."

Baba mdogo, nimeikunja habari hiyo na kuikunjua usiku na mchana. Nilikuwa nikijiuliza sensa sita zinawezaje kufa wiki moja. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini hukuchukua mita. Sasa sijiulizi.

Na kosa langu pia niliseme. Siku ile ya mwalimu Tak nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliona rezista mkononi mwako, nikajua mvua ikija kitatokea nini. Mwalimu alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha wateja anakuangalia kwa heshima, anakuita bwana fundi mkuu. Mtoto atamsahihishaje baba yake mdogo mbele ya mgeni? Nilikwenda kwenye jokofu, nikawamiminia wote wawili chai baridi ya shayiri, nikasema karibuni. Hayo ndiyo malezi uliyonipa, na ni malezi mazuri, na mama wa watu amekufa.

Harusi ni Aprili. Nimesikia. Baada ya harusi basi, nakuomba.

Gyu-tae


Daegu, 27 Aprili 1997

Mwanangu Gyu-tae,

Salamu nyingi. Nimechelewa kukuandikia, mambo yalikuwa mengi. Harusi imepita salama. Da-seul alilia, mama yake akalia, hata mpiga picha akapangusa macho, na mimi nikasimama kama nguzo ya umeme. Wakwe ni wazuri. Baba mkwe wake nimekuja kugundua ni polisi mstaafu, anapenda kuuliza maswali huku anatabasamu. Alinimiminia pombe akasema, "Yule mtoto wa kaka yako aliyeko Ulsan hakupata ruhusa hata ya siku moja?" Nikasema siku hizi viwanda vina roho mbaya. Akasema kweli kabisa, akanijazia tena.

Sasa unaona mwenyewe nilipo. Nikiyaita magari yale mwezi huu, mwezi wa kwanza wa ndoa ya mtoto, na yule mzee aje ajue, dada yako atarudishwa kwetu na sanduku lake. Mpe muda ashike mimba, apate nguvu kwenye nyumba ya watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama Gwak alipita hapa Jumatatu, kwa hiari yake, hakuitwa na mtu. Matikiti ya njano ya mwanzo yameanza kuiva. Alinipa kikapu kizima, akasema kiangazi kilichopita ubaridi wa gari lake haukuwa na mfano, mumewe aliomba blanketi. Anasema sokoni ananisifu kwa kila mtu. Nilimwambia asante. Nilisimama na kikapu mkononi nikaliangalia gari lake mpaka lilipokata kona.

Yalikuwa matamu, mama yako mdogo anasema. Mimi sikula.

Baba yako mdogo


Gerezani, 18 Mei 1997

Baba mdogo, shikamoo.

Nashukuru kwa habari ya harusi. Nimemwombea Da-seul heri. Humu tu wazima, isipokuwa yule mzee aliyelia siku ya supu. Amefariki kwa mapafu.

Barua yako niliisoma mara nne, na kila nikifika kwa Mama Gwak nasimama. Alikuja mwenyewe. Gari lilikuwa mlangoni kwako, funguo mkononi mwake, na wewe ukamwambia asante. Nisamehe, nitasema maneno ambayo sijapata kukuambia tangu nizaliwe: umefanya vibaya. Mwaka jana kulikuwa na likizo, kulikuwa na haraka, kulikuwa na mkono usiosikia. Safari hii hakukuwa na kitu isipokuwa aibu yako.

Unasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kweli. Na mkuu asiposikia, guu linalovunjika ni la nani? Mpaka sasa lililovunjika si lako.

Umeniambia ningoje theluji iyeyuke, nikangoja. Ningoje harusi, nikangoja. Sasa ningoje mimba. Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba mdogo, na mvua haijui kama Da-seul ni mzito au la. Huja wiki ya mwisho ya Juni, iwe isiwe.

Ufanye hivi kama kusema ukweli kunakushinda. Wapigie uwaambie unawasafishia kiyoyozi bure kabla ya kiangazi, shukrani kwa wateja wa zamani. Nani atakataa cha bure? Mama mdogo akushikie mita akusomee namba. Ukimaliza, niandikie neno moja tu: tayari. Nataka nilipate kabla ya tarehe kumi na tano Juni.

Nisipolipata, nitajua.

Gyu-tae


Gerezani, 19 Juni 1997

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini mama mdogo hajambo na mgongo wake, na Da-seul kadhalika. Neno nililokuomba halikuja. Kila siku barua zikigawiwa nilisimama mlangoni, na kila siku wenzangu walinipisha kwa huruma, wakidhani nangoja mwanamke.

Kuna askari humu anaitwa Bong. Ni mtu mnene, anaongea kama ana kitu mdomoni. Jumatatu alinitoa nje kwenye maegesho yao, akafungua boneti la gari lake. "Wewe si fundi? Hili linapoa asubuhi, mchana linapuliza joto kama tanuri. Mafundi watatu wameshanila hela, kila mmoja ananiongezea gesi."

Nilimwomba mita, hakuwa nayo. Nilipiga magoti nikaangalia nyuma ya bampa, sensa ya joto la nje ipo pale, plagi yake inaning'inia nusu. Alikuwa amegonga ukingo mahali. Gari likidhani nje kuna barafu, halioni sababu ya kuwasha kompresa. Nikaibana mpaka ikalia, nikamwambia washa. Likapoa.

Alikaa ndani na mlango wazi, baridi inampiga usoni, hakucheka. Akasema, "Mimi ndiye ninayesoma barua zenu. Tangu Oktoba."

Nilifunga boneti.

"Kusoma ndiyo kazi yangu, kujibu siyo. Nikisema mimi, itaonekana nimefumbua fumbo la watu. Barua za nyumbani si kiapo. Ukisema wewe mwenye kesi, ni ushahidi." Akaangalia juu. "Redioni wanasema mvua itaanza tarehe ishirini na tano. Hiyo Seongju mimi napita kila wiki, kijana. Ile barabara ina kona."

Jana nimeandika maelezo yangu, nimeyatia kidole gumba. Nimesema nani, na nimesema sita, na nimetaja majina matano. Bong ameniambia karatasi zitapita kwa mkuu wa gereza, kwa mwendesha mashtaka, kisha kituo cha Daegu, na kila meza ina usingizi wake. Ndiyo sababu nakuandikia pia. Barua hii huenda ikawatangulia, huenda wakaitangulia. Ikiwatangulia, usikimbie na usikae chini kulia. Shika simu.

Nimebakiza chini ya miezi miwili. Ningeweza kunyamaza nikatoka nikiwa mwana mwema. Lakini nimelala humu miezi kumi nikijisifu kwamba nimekubebea mzigo, na kumbe niliposema gari moja niliwafumba macho watu watano waliokuwa na haki ya kuonywa. Laiti ningenyamaza tu, polisi wangeuliza. Niliwapa jibu, wakafunga faili. Uongo wangu ulikuwa wa mapenzi, na ulikuwa uongo.

Mwambie Da-seul anisamehe. Najua hatanisamehe.

Gyu-tae


Mahabusu, Daegu, 2 Julai 1997

Mwanangu Gyu-tae,

Salamu. Sasa ni mimi ninayefunguliwa barua. Mama yako mdogo amehamia kwa dada yake, gereji imefungwa. Da-seul yuko kwa mumewe, hawajamrudisha. Baba mkwe alikuja kunitazama, safari hii hakutabasamu, lakini alileta dawa yangu ya sukari.

Barua yako ilifika Jumanne, tarehe ishirini na nne, kabla ya polisi. Nilisoma nimesimama, kisha nikafanya ulivyosema, nikashika simu. Mwuza magodoro alikuwa amefika kabla sijakunja mikono ya shati. Dobi naye. Yule dada wa piano alikuja na wanafunzi wawili wanakula barafu. Mchungaji aliingia tukiwa tunakaribia kufunga. Sikuwasafishia bure. Niliwaambia ni nini nilichowawekea, na kwamba ndicho kilichomuua mama wa Tak, na kwamba ni mkono wangu. Dada wa piano alinitemea mate kwenye kiatu. Mchungaji alikaa kwenye kiti cha wateja mpaka nilipomaliza. Mama yako mdogo alishika taa, na kila mara ananiambia, hapo pana moto, toa mkono.

Uliniuliza mengi kwa kuzunguka, na mimi nimekujibu kwa kuzunguka. Nikujibu sasa. Sensa niliyoing'oa kwa Tak ilikuwa nzima. Nilikuja kuichovya kwenye barafu baadaye, Novemba, nilipopata barua yako ya kwanza, na namba ikapanda vizuri kabisa. Kosa lilikuwa plagi. Nilishika mabomba yake siku ile sikusikia kitu, sikujua kama ni gari lililokufa au ni mimi, na mteja alikuwa ananiangalia. Kuchomelea rezista kulikuwa rahisi kuliko kumwambia mtu mzima mwenzangu kwamba sijui. Na kukuacha wewe ukafungwa kulikuwa rahisi pia. Sikuja kukuona hata siku moja kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya kazi.

Mama Gwak nilimpigia Jumanne ile ile mara tano. Simu iliita. Msimu wa matikiti hakuna mtu anayekaa ndani. Nikasema kesho.

Jumatano mvua ilianza alfajiri. Nilipanda basi nikafika Seongju saa nne. Mumewe alikuwa anafunga masanduku, akaniambia ametoka nusu saa iliyopita na shehena, anakwenda sokoni Daegu. Tulipishana njiani, Gyu-tae. Wakati wa kurudi basi letu lilisimamishwa darajani. Gari lake lilikuwa limeuvamia ukuta. Askari wa barabarani alisema amekufa papo hapo, kioo kilikuwa cheupe kwa ndani na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika taulo. Magari yalikuwa yakipita juu ya matikiti.

Nilishuka nikamwambia yule askari jina langu na kazi yangu. Alidhani ni mzee mlevi, akaniambia niondoke mvuani. Ilibidi niseme mara tatu.

Siku niliyopata barua yako ya kwanza ilikuwa Novemba. Nilikuwa na miezi saba.

Usije kuniona. Siyo kwa aibu safari hii. Ukitoka nenda Seongju kwanza.

Man-bok


Daegu, 24 Agosti 1997

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini dawa unaipata na kidonda chako cha kiganja kinasafishwa. Mama mdogo hajambo, nimekaa kwake siku tatu, amenilisha mpaka nimeumwa tumbo. Da-seul ni mjamzito. Hajaongea na mimi, lakini aliniachia shati jipya kwenye kiti.

Walinitoa tarehe kumi na mbili kama ilivyoandikwa. Ukweli wangu haukupunguza siku wala kuongeza. Bong alinisindikiza mpaka geti la nje, akanipa sigara, na wote wawili hatuvuti.

Jana nilikwenda Seongju kama ulivyosema.

Nilimkuta mume wa Mama Gwak, Bwana Noh, kwenye banda la plastiki, anang'oa mashina ya matikiti yaliyokauka. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikataja jina langu na lako, nikasema nilichokuja kusema: kwamba wewe uliiweka, na mimi nilikuona, nikanyamaza, na baadaye nikadanganya. Nilikuwa nimejiandaa kwa jembe. Alikuwa nalo mkononi.

Hakunipiga. Aliniambia, "Inuka, utachafua suruali." Akaenda akachota maji, akanipa, akakaa juu ya sanduku tupu. Alitaka kujua ilikuwaje. Nilimweleza taratibu kama ninavyomweleza mteja, sensa ni nini, rezista ni nini, barafu inazibaje. Alisikiliza vizuri kuliko hakimu. Aliuliza kama kuna harufu, nikasema hapana. Aliuliza kama mkewe angeweza kujua, nikasema hapana, asingejua.

"Na aliwahi kupita hapo kwenu," akasema. "Aprili. Alimpelekea mzee matikiti. Nilimwambia asipeleke yale makubwa, tuyauze. Akasema fundi yule ana mikono ya dhahabu."

Nikasema najua alipita.

Nje kulikuwa na trekta linapita, akangoja lipite. Kisha akaniuliza, "Kukitoa hicho kitu. Ni kazi ya muda gani?"

Nilitamani kumdanganya, baba mdogo. Nilitamani kusema siku mbili, kwamba lazima gari zima lifumuliwe, kwamba spea hutoka mbali.

Nikamwambia dakika ishirini.

Akaniomba nirudie, kwa kuwa hasikii vizuri sikio la kushoto. Nikarudia.

Gyu-tae